Nafasi ya Maiti

Jumamosi ijayo, siyo hii, ile ya pili,
saa kumi na mbili jioni,
ukumbi wa zamani wa ushirika, Isevya.
Kiingilio elfu mbili, watoto wa kupakatwa bure.

Matangazo nimeyabandika mwenyewe:
moja kwenye nguzo mbele ya stesheni,
moja kwa Nyanzobe wa asali, akalifunikia ndoo,
moja kwa Sizya kinyozi, akaligeuza
akaandika bei ya kunyoa ndevu.

Jina langu limo, la mwisho kabisa,
kwa herufi ndogo kama chawa:
*Mlekwa Kapaya – Mpagazi Aliyekufa.*

Mchezo unaanza nimeshakufa.
Pazia likivutwa niko chali kando ya pembe za ndovu
(migomba iliyopakwa chokaa),
na wenzangu wanabishana dakika arobaini
nani aubebe mzigo wangu,
na kama kuna haja ya kunifukia.

Sina neno hata moja.
Kalunde, anayetuongoza, alinichagua akisema,
"Wewe unajua kunyamaza,"
na mpaka leo sijajua kama alinisifu.
Tangu Machi najifunza kupumua kwa tumbo la chini,
polepole, kama chura wa kiangazi ndani ya udongo.
Nzi akitua puani, simfukuzi.
Umeme ukikatika, siamki.
Wao huendelea kwa mwanga wa simu,
na hapo, nusu gizani,
ndipo wanapoigiza kweli.

Nimeyakariri maneno ya wote.
Mihayo akisahau, na Mihayo husahau palepale,
*mzigo hauna mwenyewe, una bega*,
ulimi wangu huwasha.
Lakini maiti haimkumbushi mtu.
Nameza.

Mama hataki kusikia.
"Kifo hakichezewi, Mlekwa.
Ukikitandikia mkeka, kitakuja kulala."
Nikirudi na vumbi mgongoni
ananikung'uta kwa kanga, kwa hasira,
mapigo matatu kila bega,
kisha ananipakulia ugali.
Juzi, uso ukiwa jikoni, akauliza:
"Na huyo unayemwigiza, aliitwa nani?"

Nilimpelekea Kalunde swali.
Akapekua kurasa mbele, akapekua nyuma.
"Mpagazi," akasema. "Basi."

Mama aliposikia alikoroga mboga muda mrefu
kuliko mboga ilivyohitaji.
"Babu wa babu yako aliondoka Kwihara na mzigo,
mkewe ana mimba ya miezi saba.
Hatujui aliangukia wapi.
Waliomruka njiani nao, nadhani,
walisema hivyo hivyo. Mpagazi. Basi."

Tangu siku hiyo silali vizuri pale jukwaani.
Mihayo akinivuka, nasikia vumbi la kisigino chake
shavuni, nami nahesabu:
mmoja, wawili, huyu wa tatu amesita,
huyu wa tatu ni nani kwetu?

Baada ya hapa ni Urambo, ghala la tumbaku, tarehe sita.
Kisha Kaliua, uwanja wa shule, mvua ikituruhusu.
Kisha treni mpaka Kigoma, usiku mbili za maonyesho,
Mihayo akipewa ruhusa kazini,
na nauli ikitimia. Haijatimia.
Tumepungukiwa laki na nusu.

Kila mahali nitajilaza upya.
Saruji ya ushirika ina baridi, inaingia kwenye figo.
Ya Urambo ni mbao, wanasema inapigisha chafya,
na maiti ikipiga chafya tumekwisha.
Ya Kigoma hakuna aliyeiona.

Leo asubuhi nimekuta kaniki mpya kitandani,
imekunjwa mara nne, bado ina harufu ya duka.
Mama alikuwa ameshatoka.
Hakusema ni ya kuvaa
au ya kufunikwa.

Milango itafunguliwa saa kumi na moja.
Viti vya mbele vina miguu mibovu,
kwa hiyo wahini, au njooni na vigoda.
Kimoja nimekipigilia misumari,
cha pembeni, karibu na nitakapolala.
Hicho msikikalie.